MCHEZA KWAO HUTUZWA: DHANA YA MCHANGO NA UCHANGISHAJI WA MTANDAONI KWA AJILI YA VIPAJI VYA WATOTO DAR ES SALAAM

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali linalowakabili wazazi wengi wa Kinondoni, Temeke na vitongoji vingine vya Dar es Salaam: je, inafaa mzazi kuchangisha fedha mtandaoni ili kukuza kipaji au kutimiza matarajio ya mwanawe? Tunadai kwamba jibu halimo katika upya wa chombo kinachotumika, bali katika uhusiano unaobebwa na neno mchango lenyewe. Kwa kuchunguza kitenzi -changa, maneno yanayokaribiana nacho, historia ya michango katika Afrika Mashariki na sheria zinazomhusu mtoto, tunaonyesha kwamba uchangishaji wa mtandaoni huweza kuwa mchango halisi au kugeuka jambo jingine kabisa, na kwamba anayebeba gharama ya mgeuko huo ni mtoto.

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Tandale, Mwananyamala, Tandika au Mbagala mwenye simu ya mkononi aghalabu huwa mwanachama wa vikundi kadha vya WhatsApp: cha ukoo, cha mtaa, cha waliosoma pamoja, cha kazini, cha msikiti au kanisa. Katika vikundi hivyo maombi ya fedha hayakauki. Mengi ni ya kawaida: harusi, msiba, matibabu. Kamati huundwa, mweka hazina huteuliwa, na kila siku orodha ya majina hurushwa upya, huyu ametoa taslimu, yule ameahidi. Hakuna anayeuliza kama ni halali.

Siku hizi, hata hivyo, yamejitokeza maombi ya aina nyingine. Mzazi huomba ada ya kituo cha kufundishia kandanda, nauli ya mtoto kwenda mashindanoni, gitaa, au kompyuta ya kujifunzia uchoraji wa katuni. Hapo ndipo minong'ono huanza. Wapo wasemao kwamba huko ni kuomba tu, na kwamba mzazi aliyeshindwa na jambo la anasa hana budi kuliacha. Wapo wanaojibu kwamba jamii inayochanga mamilioni kwa karamu ya usiku mmoja haina haki ya kununa mtoto anapotaka kujifunza muziki kwa miaka mitatu.

Pande zote mbili hutumia neno mchango, lakini hazilitumii kwa maana moja. Lengo la makala haya ni kuzitenga maana hizo, kisha kuonyesha ni katika hali zipi mzazi anaweza kuchangisha bila kumdhuru anayechangiwa. Hatujadili michango ya matibabu wala ya maafa, kwani huko hoja ya dharura hubadili mizani yote. Sentensi na majina katika mifano yetu tumeviunda kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Mchango na Maneno Yanayokaribiana Nalo

2.1 Kitenzi -changa na nafasi za washiriki

Tuanze na sentensi zifuatazo:

(1) Majirani walichanga fedha.
(2) Majirani walimchangia Asha nauli.
(3) Mama Asha aliwachangisha majirani.
(4) Majirani walichangishana.

Katika (1) kitenzi kinadai watendaji wengi. Hata tukisema "Juma alichanga", msikilizaji huelewa kwamba wapo wengine waliochanga pamoja naye. Mtu hawezi kuchanga peke yake, ingawa anaweza kutoa peke yake. Katika (2) kauli ya kutendea inamleta mtendewa, yaani yule ambaye kwa ajili yake fedha zimekusanywa. Katika (3) kauli ya kutendesha inamleta msababishaji, ambaye si lazima awe miongoni mwa watoaji. Katika (4) kila jirani ni mtoaji na ni mhimizaji wa wenzake.

Tofauti hizi si za kisarufi tu. Linganisha matamko mawili yanayoweza kusikika kwa mtoto yule yule:

(5) Jamani, tumchangie Asha.
(6) Naombeni mnichangie kwa ajili ya Asha.

Katika (5) msemaji yumo ndani ya kiambishi tu-: naye atatoa. Asha ndiye mtendewa, naye amebebwa na kiambishi -m-. Katika (6) msemaji ametoka katika kundi la watoaji na kuingia mahali pa mtendewa kwa kiambishi -ni-. Asha amesukumwa nje ya kitenzi, hadi kwenye kirai kinachoeleza sababu. Tamko la kwanza hutolewa na shangazi, jirani, mwalimu au nahodha wa timu. La pili hutolewa na mzazi. Chombo cha mtandaoni, ambapo mtu mmoja hufungua ukurasa kwa jina lake na fedha huingia kwenye namba yake, humsukuma msemaji kuelekea tamko la pili, hata kama nia yake ilikuwa ya kwanza.

Izingatiwe pia kwamba neno hili limewahi kuhamishwa kutoka katika hiari. Sera ya kuchangia gharama za huduma za jamii, iliyoshika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ililifanya neno mchango kuwa jina la malipo ambayo mzazi hana uwezo wa kuyakataa. Ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, michango ya namna hiyo iliendelea kudaiwa katika baadhi ya shule, hadi Rais John Magufuli alipoipiga marufuku Januari 2018. Kwa hiyo mkazi wa Temeke anaposikia "mchango" husikia sauti mbili kwa pamoja: ya ujirani na ya kudaiwa.

2.2 Tuzo, ufadhili, sadaka na upatu

Kiswahili kina maneno mengine ya kutoa, na kila moja lina masharti yake. Tuzo ni malipo ya furaha yanayofuata tendo: mwimbaji wa taarabu hutuzwa akiwa jukwaani, mbele ya macho ya watu, baada ya kuimba. Mchango hutangulia tendo. Ufadhili hutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye nazo, nao humwachia mfadhili sauti katika mambo ya mfadhiliwa. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu, na heshima yake ni kutotangazwa. Upatu, ambao wanawake wa mitaa ya Dar es Salaam huuita pia mchezo, ni mzunguko: anayepokea leo alitoa jana na atatoa kesho.

Mchango wa harusi na wa msiba, ingawa hauitwi upatu, una mzunguko ndani yake. Ndoa na kifo ni vituo ambavyo karibu kila nyumba itavifikia. Anayechanga leo anajua zamu yake itakuja, na daftari la kamati ndilo kumbukumbu ya madeni hayo yasiyosemwa. Hapa tunafikia ugumu halisi wa suala letu. Kipaji si kituo cha kila nyumba. Jirani aliyechangia gitaa la Asha huenda asiwe na mtoto wa kuchangiwa kamwe. Mzunguko hukatika, na kile kinachoitwa mchango huanza kufanana na ufadhili. Minong'ono tuliyoitaja si lazima itokane na choyo. Aghalabu ni dalili kwamba watu wametambua mabadiliko ya uhusiano ambayo neno limeyaficha.

2.3 Masharti yaliyomo katika methali

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" hutumiwa sana kuhalalisha michango ya vipaji. Ikichunguzwa, ina masharti matatu. Kwanza, anayetuzwa amecheza: lipo tendo lililoonekana. Pili, amecheza kwao: mbele ya watu wanaomjua, wanaoweza kupima ukweli wake na atakaowajibika kwao kesho. Tatu, anayetuzwa ni mchezaji mwenyewe, si aliyemleta uwanjani. Uchangishaji wa mtandaoni unaweza kuvunja masharti yote matatu kwa mpigo: kuomba kabla ya kucheza, kuomba kwa wasiomjua mtoto, na kupokea kwa mkono wa mwingine.

3.0 Kumgharimia Mmoja kwa Niaba ya Wengi

Haitakuwa sahihi kudai kwamba kuchangia safari au masomo ya mtu mmoja ni jambo geni. Mwaka 1952 Wameru walichanga fedha ili Kirilo Japhet aende New York kupeleka malalamiko yao ya ardhi mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 wanachama wa TANU walichangia safari ya Julius Nyerere kwenda kwenye Baraza lile lile. Mwaka 1959 Tom Mboya alipoandaa ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani, nyuma ya wengi wao palikuwa na wazazi, koo na vijiji vilivyouza mifugo na kukusanya senti. Nchini Kenya mtindo huo uliendelea kwa jina la harambee: kwa miongo kadhaa kijana aliyepata nafasi ya kusoma India au Marekani aliandaliwa mkutano wa kumchangia nauli na ada.

Mambo mawili yanajitokeza katika mifano hii. La kwanza ni kwamba aliyegharimiwa alikuwa mjumbe. Kirilo na Nyerere walikwenda kwa niaba ya waliochanga; mwanafunzi wa ng'ambo alitarajiwa kurudi na kuwainua wadogo zake. Zamu iliyokosekana katika mzunguko ilijazwa na uwakilishi. La pili ni kwamba hawa walikuwa watu wazima, au vijana wanaoukaribia utu uzima, walioweza kuukubali mzigo wa ujumbe huo kwa hiari yao.

Harambee hiyo hiyo inatupa onyo. Nchini Kenya viongozi waliigeuza kuwa jukwaa la kununua wafuasi, na watumishi wadogo na wafanyabiashara wakaona hawana njia ya kukataa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwawekea maafisa wa umma mipaka katika kuendesha michango hiyo. Hiari hugeuka shuruti pale mwombaji anapokuwa na uwezo juu ya anayeombwa.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam wenyewe, desturi ya kukuza vipaji imepitia zaidi katika vikundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zilijengwa juu ya ada na michango ya wanachama. Timu za mitaa huishi kwa senti za jezi, mipira na nauli. Mbwana Samatta, aliyetangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza barani humu, alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, kabla ya kuchezea Simba na TP Mazembe. Anayechangia timu ya namna hiyo hachagui nyota mapema. Anachangia uwanja ambao nyota anaweza kuibukia, na ambao watoto wengine ishirini watafaidi hata kama hatokei nyota.

4.0 Mtandao Umebadili Nini?

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo mchango ulihitaji mikono, bahasha na kikao. Sasa shilingi elfu mbili za Mbagala na elfu kumi za Mwanza hufika kwa dakika moja. Mwaka 2010 ilizinduliwa GoFundMe nchini Marekani, na mwaka 2012 M-Changa nchini Kenya ikaunganisha wazo la harambee na fedha za simu. Mzazi wa Dar es Salaam asiyeweza kufungua ukurasa katika mitandao ya ng'ambo inayodai akaunti ya benki ya huko humwomba ndugu aliyeko Uingereza au Marekani amfungulie. Tunaona mabadiliko matatu.

La kwanza ni kupanuka kwa "kwao". Hili lina heri yake. Dar es Salaam ni mji wa wahamiaji. Jirani wa leo si lazima awe ndugu, na ndugu wa kweli huenda yuko Muscat au Minneapolis. Kwa watu hawa simu ndiyo baraza. Hatuwezi kusema kwamba asiyekaa mtaani si wa kwao. Kipimo chetu ni kuwajibika: wa kwao ni yule anayeweza kuuliza na akajibiwa. Ukurasa ulio wazi kwa ulimwengu mzima huwaleta watoaji wasioweza kuuliza lolote isipokuwa kile ambacho mwombaji amechagua kuwaonyesha.

La pili ni kudhoofika kwa uaminifu. Hakuna mkazi wa mji huu asiyewahi kupokea ujumbe wa matapeli usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hata michango ya hadhara imekumbwa na tuhuma: baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Serikali iliwaondoa madarakani baadhi ya watumishi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Jina la mpokeaji kuonekana kabla ya kutuma fedha ni kinga, lakini humthibitisha mwenye namba tu. Halithibitishi kwamba mtoto amelipiwa ada.

La tatu, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kwamba mtandao huzidisha tofauti za kitabaka. Inadhaniwa kuwa uchangishaji humsaidia asiye nacho. Kwa hakika, anayepata zaidi ni yule ambaye orodha ya namba zake ina watu wenye nacho. Mzazi wa Masaki anapoomba nauli ya mwanawe kwenda mashindano ya kuogelea, vikundi vyake vina wakurugenzi na wafanyabiashara. Mama lishe wa Tandale anapoomba viatu vya mpira, vikundi vyake vina mama lishe wenzake, ambao wiki hiyo hiyo wamechangia msiba. "Haba na haba hujaza kibaba" ni kweli, lakini haba za mtu mmoja huzidi kibaba kizima cha mwingine. Asiye na orodha ya namna hiyo hubakiwa na mtaji mmoja wa kuwavuta wageni, nao ni kuonyesha unyonge wa mtoto wake.

5.0 Mtoto Yuko Wapi Katika Mchango?

Tuchukulie msichana wa miaka kumi na miwili wa Yombo anayependa kukimbia. Mama yake anamrekodi akilia baada ya kukosa nauli ya mashindano, anaeleza kuwa baba amewatelekeza, anaonyesha chumba wanachoishi, kisha anatoa namba ya simu. Fedha zinapatikana. Mtoto anakwenda, anashika nafasi ya kumi na moja. Mwaka unaofuata anataka kuacha mbio na kujiunga na kwaya.

Hapa zipo hasara tatu ambazo hesabu ya fedha haizionyeshi. Kwanza, habari ya baba na chumba si mali ya mama peke yake. Itamfuata binti shuleni, kazini na katika ndoa. Pili, matarajio yake yamepata wenye hisa: kuacha mbio, jambo la kawaida kwa mtoto anayejitafuta, sasa linaonekana kama kuwasaliti mamia ya watu. Tatu, amejifunza kwamba kilichowavuta watu si mwendo wake bali machozi yake. Mjumbe wa mwaka 1955 aliubeba mzigo wake akiwa mtu mzima. Mtoto huyu amebebeshwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasaidia kuupima mfano huu. Kifungu cha 8, katika kueleza wajibu wa mzazi wa kumtunza mtoto, hutaja pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, haki ya kucheza na kupumzika. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mchezo na sanaa ni anasa ambayo mzazi maskini hapaswi kuiwazia. Lakini kifungu hicho hicho huuweka wajibu huo kwa mzazi kwanza. Jamii humsaidia kuutimiza, haimpokei mzigo wote. Kifungu cha 11 humpa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, hulinda faragha yake. Vilevile, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tatizo la pekee katika suala letu ni kwamba mzazi, ambaye kwa kawaida ndiye mlinzi wa faragha ya mtoto, ndiye pia anayeitangaza na ndiye anayepokea fedha. Mlinzi na mnufaika wamekuwa mtu mmoja.

6.0 Masharti ya Mchango Halali

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza masharti manne ambayo kwayo uchangishaji wa mtandaoni unabaki mchango.

(a) Msemaji awe "tu-" si "ni-". Mzazi atangulie kutoa, na ikiwezekana wito utolewe na mwalimu, kocha au kamati ya watu wawili watatu. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa kituo, chuo au mwandaaji wa safari badala ya kupitia mfuko wa mzazi.

(b) Duara liwe la wanaoweza kuuliza. Kikundi cha ukoo, cha mtaa au cha waliosoma pamoja kinatosha. Ndugu wa ng'ambo wamo. Kiasi, kusudi na siku ya mwisho vitajwe, na taarifa ya matumizi irudi kwenye duara lile lile. Mwenye mamlaka juu ya wengine, awe mwajiri au mwalimu mkuu, asiwachangishe walio chini yake.

(c) Kinachoonyeshwa kiwe mchezo, si unyonge. Mtoto aonekane akicheza, akichora au akiimba, kwa ridhaa yake, bila anwani, jina la shule wala siri za nyumbani. Aulizwe kabla, na ahakikishiwe mbele ya wachangaji kwamba anaweza kushindwa au kuacha.

(d) Mchango uelekee kikundi kila inapowezekana. Mipira kumi kwa timu ya mtaa ina thamani kuliko viatu vya mmoja, kwa sababu hurudisha mzunguko uliokatika: kila mchangaji anaweza kuwa na mtoto uwanjani.

Inaweza kupingwa kwamba masharti haya yatapunguza fedha, kwani machozi huchangisha kuliko mpira. Ni kweli. Mama wa Yombo angeweza kukosa nauli kwa kuyafuata, na hatudai kwamba hasara hiyo ni ndogo. Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha kwamba tofauti ya mapato ni bei ya kitu fulani, na kitu hicho ni heshima ya mtoto. Mzazi hana kibali cha kukiuza. Palipo na pengo linaloendelea kubaki, swali linapaswa kuelekezwa kwa wenye wajibu wa viwanja, walimu wa michezo na vyuo vya sanaa, badala ya kumwachia kila mzazi alitatue kwa kumweka mwanawe sokoni.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mgogoro juu ya uchangishaji wa mtandaoni ni mgogoro wa maana kabla ya kuwa mgogoro wa maadili. Wanaoukataa wanasikia kuomba. Wanaoutetea wanasikia ujima. Na sarufi ya kitenzi -changa inaruhusu yote mawili, kutegemea nani amewekwa mahali gani. Mzazi wa Kinondoni au Temeke hana sababu ya kuona haya kuita watu wake wamsaidie mtoto kucheza, kwani watu wa pwani hii na bara yake wamekuwa wakifanya hivyo tangu kabla ya simu. Kinachompasa ni kujiuliza kama anaowaita ni wa kwao, kama mtoto amekubali kucheza, na kama tuzo itamfikia mchezaji. Uchunguzi zaidi unahitajika hasa kwa vijana ambao picha zao zilitumika kuchangisha walipokuwa wadogo na ambao sasa wanaufikia utu uzima. Wao ndio watakaotueleza neno mchango lilikuwa na maana gani kwao.